Vipimo vya Nchi Ndogo

Walikuja wanne, na kiongozi wao wa tano,
Jumatano saa kumi jioni, upepo wa Julai ukigongagonga mabati
na vumbi la Majengo likitafuta kitambaa cha kukalia.
Begi lao limebaki uwanja wa ndege wa watu wengine.
Humo mna bendera, mna nguo, mna kila kitu.
Gwaride kesho kutwa.

"Mbukwenyi," niliwaambia.
Wakacheka bila kujua wanachekea nini,
wakajibu, nami sikujua wamejibu nini.
Mkalimani, kijana wa chuo, alinitajia jina la nchi yao mara tatu.
Mara ya tatu nikaitikia kwa adabu tu.
Usiku niliitafuta kwenye ramani ya Chiduo, mwanangu wa darasa la sita:
ilikuwa chini ya pini iliyoshikilia ramani ukutani.

Basi nikatwaa futi, nikaipima nchi.
Delmira wa mita mia nane: kifua thelathini na mbili,
kiuno cha mtoto, mapaja ya mtu anayepandisha ndoo mlimani.
Osvaldo wa kunyanyua vyuma: futi nzima ikaniishia mkononi.
Zeferino wa ngumi, ambaye hakutaka kuguswa mbavu za kushoto.
Na Nilton, muogeleaji,
aliyeniuliza kwa ishara bomba liko wapi anawe,
katika mtaa ambao maji huja Jumanne na Ijumaa.
Nikammiminia kwa kata. Akanawa kwa heshima, kama anayepokea.

Buluu nilikuwa nayo, ya sketi za shule.
Nyeupe ilikuwa bafta;
sikuwaambia wateja wake wa kawaida ni akina nani.
Kijani ndicho kilichonitoa jasho.
Changu kilikuwa mabaki ya msimu wa kampeni,
na wao walitaka kijani cha mgomba ulionyeshewa sasa hivi.
Mvua yenyewe huku tunaitazamia Desemba!
Nikamtuma Chiduo, duka kwa duka, hadi Sabasaba.
Akarudi na pazia.

Bendera niliionea kwenye simu ya kiongozi, kioo kimepasuka.
Nyota ina ncha ngapi?
Nilton akasema tano, Delmira akasema sita,
nchi nzima ikabishana mbele ya cherehani yangu
mpaka Osvaldo akafumba macho
akaichora hewani kwa kidole chake kinene. Tano.

Saa saba usiku, umeme umekatika, nashona kwa chemli,
ndipo nikaona nimetia mstari mwembamba wa kijivu
kutoka kwenye nyota hadi ukingoni.
Nilikuwa nimeshona ufa wa kioo.
Nikafumua.
Matundu ya sindano yalibaki.

Siku ya gwaride nilikaa jukwaa la juani.
Nchi kubwa zilipita kama ng'ombe waendao mnada wa Msalato, hazikwishi.
Wao walipotajwa, watu walikuwa wanainuka kununua karanga.
Sekunde kumi na moja, nilihesabu.
"Hao nani?" akauliza jirani yangu.
"Sketi za shule," nikamwambia, "na pazia, na bafta yadi moja."
Akanitazama. Nikamenya karanga zangu.

Delmira alifika wa mwisho,
akavunja rekodi ya taifa lake, ambayo pia ilikuwa yake.
Hayo niliambiwa baadaye.
Mimi sikutazama saa, nilitazama mshono wa bega la kulia,
ule niliouharakisha alfajiri.
Ulishika.

Begi lilifika Jumatatu. Wao waliondoka Jumapili.

Vipimo vyao bado vimo daftarini, ukurasa wenye doa la mafuta.
Kipande cha pazia nimemtilia Chiduo mfuko kwenye kaptura,
huweka humo hela ya uji.
Na ile pini, bila kutumwa na mtu,
ameichomoa akaihamishia baharini,
kando kidogo,
mahali pasipo na watu.